Mama Diana Asiyetembea

Tangu nirudi, cherehani yangu inasubiri tu. Anayeleta suruali ya kupunguzwa anakaa. Anayeleta kitenge cha kushona anakaa. Wote wanauliza kitu kimoja: "Mama Sifa, ilikuwaje huko?" Nimesimulia mpaka sauti imekauka, nguo za watu zimelala. Basi ninyi wa kwaya nawaandikia, msomeane wenyewe, nami nishone. Mambo ya viza na tikiti nayaruka, maana hata kuyakumbuka kunanichosha.

Kwa asiyejua, Sifa ni mtoto wangu wa kwanza. Aliondoka hapa Kalemie msichana mwembamba, akaenda Bruxelles, Ubelgiji, kusomea udaktari. Miaka ikapita. Masomo, alisema, yanaendelea. Kisha akasema amepata na kazi. "Ninachunga Mama Diana," aliniambia kwenye simu. "Hatembei, hasemi, lakini watu wengi wanakuja kumuona." Sisi tukaelewa ni mama mzee wa kizungu, mgonjwa, mwenye jamaa wengi. Kila tulipomwita aje likizo, alijibu kwamba hawezi kumwacha Mama Diana, hakuna wa kushika zamu yake. Tukamuombea huyo mama afya kila Jumapili. Mnakumbuka, kwaya nzima.

Mama yangu mzazi alipofariki, na Sifa asije hata kwenye msiba, nikachoka. Nikampigia. "Ama unakuja," nikamwambia, "ama mimi ninakuja kuongea na huyo Mama Diana, mama kwa mama."

Nikasikia akifunga mlango huko kwake. 

"Kuja, Mama," akasema. "Kuna kitu nataka ukione na macho yako."

Kalemie hadi Kigoma

Boti ilikuwa iondoke asubuhi. Asubuhi nahodha alikuwa anangoja mafuta ya mawese. Mchana mawese yalifika, akaanza kumngoja mwenye mawese. Jioni tulirudishwa nyumbani, nikalala kitandani mwangu kama mtu ambaye hajaaga, na majirani walionililia asubuhi wakapita kimya wakijifanya hawakuniona. Tuliondoka kesho yake, jua likiwa limeshapanda sana.

Katika sanduku nilikuwa na vitu viwili vya Mama Diana: kitenge kizuri cha rangi ya bluu na mfuko wa samaki wadogo, ndakala zilizokaushwa vizuri, bila mchanga. Kichwani nilikuwa na cha tatu, maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga tangu Kalemie. Yalianza hivi: "Madame, mtoto si wako."

Kando yangu alikaa mwanamke wa Kigoma, Mama Zuhura, muuza vitenge anayevuka ziwa kila wakati. Alikuwa na chapati, mimi nilikuwa na samaki, tukawa marafiki kabla Kalemie haijapotea nyuma yetu.

"Binti yako anafanya kazi gani huko Ulaya?" akauliza.

"Anachunga mama mumoja muzee."

Akaacha kutafuna. "Anachunga? Kwani huyo mama ni mbuzi?"

Ikabidi nimweleze. Kwetu kuchunga ni kulinda, ni kutunza, ni kukaa na mtu ukimwangalia. Kwao, alisema, mtu akichunga lazima kuwe na fimbo na mifugo. Alicheka mpaka akamwaga chai. Kuanzia hapo, kila abiria aliyepita aliambiwa kwamba binti yangu anachunga mzungu.

Upepo ulipoanza kuturusha, tuliacha kucheka. Nilishika mkono wa Mama Zuhura, yeye akashika kamba, na ili tusiangalie maji akaniambia nimtolee ile hotuba niliyompangia Mama Diana. Nikaitoa.

"Ndugu yangu," akasema, "hiyo si hotuba, hiyo ni vita. Anza na shukrani. Mtu akishashukuriwa anakaa vizuri, anasikiliza. Kisha ndiyo umwombe mtoto."

Nilikasirika kidogo. Lakini mtu aliyekushika mkono kwenye mawimbi huwezi kumkasirikia sana.

Kigoma hadi Dar es Salaam

Treni nayo haikuwa na haraka. Nilikaa kwa Mama Zuhura mpaka tangazo lilipotoka, nikila samaki wa mawese na kubishana na binti zake. Walikuwa wanaziita ndakala zangu dagaa, mimi nikikataa, wao wakizila.

Mama Zuhura alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo, hivyo tukapanda pamoja. Baada ya Tabora, ambako tulinunua asali kwenye chupa ya maji, treni ikasimama porini. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yamefunika reli mbele. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja yashuke. Watu wakateremka, wakatandika kanga chini ya kivuli cha mabehewa. Mimi nikatoa sindano. Nilianza kushona kifungo cha bwana mmoja, wengine wakaona, na kufika alasiri nilikuwa nimekunja mapindo, nimeziba matundu, nimepunguza hata sketi ya bibi harusi aliyekuwa anasafirishwa kwa mumewe.

Mama Zuhura aliwatangazia wote sababu ya safari yangu. Wakataka kusikia hotuba. Nikawatolea ile mpya, ya shukrani. Bwana wa kifungo, mtu mpole mwenye kofia, akasema nimesahau kumpa pole kwa ugonjwa. Bibi harusi akasema nilie kidogo katikati. Mzee mmoja akauliza kama huyo mama ana mtoto wa kiume ambaye hajaoa. Tulibishana mpaka filimbi ikapigwa, na hotuba yangu ikaingia Dar es Salaam ikiwa imepita midomoni mwa behewa zima.

Pale uwanja wa ndege Mama Zuhura alinikumbatia kwa nguvu. "Ukimwona huyo mama," akasema, "usimchukie. Labda naye hana mtu."

Nilibaki na maneno hayo. Yalikuwa mazito kuliko sanduku.

Angani, na kiwanja cha kati

Kwenye ndege nililishwa vizuri, ila vyote vilikuwa kwenye visanduku vidogo, na kimoja nilichokula nikidhani ni jibini kilikuwa siagi. Nilikimaliza, maana jirani yangu alikuwa ananiangalia.

Mahali pa kubadilisha ndege, ndege ya pili ilichelewa. Nikaona mwanamke amevaa kitenge kile kile kilichokuwa kinauzwa kwetu, mtaa wa Kataki, mwaka jana. Nikasema, huyu ni wa kwetu, nikamfuata. Aliposimama nikasimama. Aliponunua maji nikanunua. Tulikaribia mlango wa ndege ndipo akageuka.

"Mama," akaniuliza kwa Kifaransa, "unanifuata kwa nini?"

"Ninakwenda Bruxelles."

"Mimi ninakwenda Abidjan."

Alinirudisha mwenyewe mpaka mlango wangu, kwa mguu, umbali wote ule, nusura akose ndege yake. Jina lake sikuuliza, na bado najilaumu.

Bruxelles, afisa alifungua sanduku langu, ndakala zikajitambulisha kwa harufu. Akarudi nyuma hatua moja.

"Ni nini hii, Madame?"

"Samaki. Ni zawadi ya Madame Diana. Anaumwa."

Alizitazama, akanitazama, akafunga sanduku kwa upole sana, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Bruxelles

Sifa alikuwa amenenepa kidogo, na hilo lilinifurahisha. Alinikumbatia bila kuniachia. Chumba chake kilikuwa kidogo na safi. Usiku huo hatukuongea mengi. Aliniambia nilale, kesho atanipeleka.

"Nyumba yake iko mbali?" nikauliza.

"Nyumba ya nani?"

"Ya Mama Diana."

Akageukia sufuria. "Si mbali."

Asubuhi alivaa koti jeusi lenye beji. Nikaona ni heshima, mfanyakazi wa nyumba kubwa lazima avae vizuri. Tulipofika, nyumba yenyewe ilikuwa na ngazi pana na nguzo kama za kanisa kuu. Nikasema moyoni, ndiyo sababu hataki kumwachilia mtoto wangu, ni tajiri. Nikakunja kitenge vizuri mkononi.

Ndani kulikuwa na wanaume wa jiwe wasio na nguo, upande huu na huu. Niliinamisha macho, nikamfuata Sifa kwa kuangalia visigino vyake. Tukaingia chumba kirefu chenye mwanga wa juu. Katikati alisimama mwanamke wa marumaru nyeupe.

"Mama," Sifa akasema akimnyooshea mkono, "huyu njo Diana."

Nikangoja mtu atokee nyuma ya jiwe.

"Wapi?"

"Njo huyu. Njo huyu ninamuchunga."

Nilicheka kwanza. Nilicheka na kitenge mkononi, nikafikiria kwaya, nikamfikiria padri akiinua mikono kuwaombea wagonjwa wetu wote na Mama Diana wa Bruxelles. Kisha kicheko kikakatika. Nikatafuta benchi, nikakaa.

"Na udaktari?"

Sifa alikaa kando yangu. Aliongea akiangalia sakafu. "Nilianguka mutihani, Mama. Nikarudia mwaka, nikaanguka tena. Wakanitoa. Kisha nikapata hii kazi, na hapa wote tunamuita Mama Diana, ni kama muchezo. Nilipowaambia ninamuchunga, sikusema uongo. Halafu mukasema munamuombea. Kila siku nilisema, kesho nitawaambia."

"Na siku bibi yako alikufa?"

"Ningekuja na uso gani? Shangazi Odette alishatangaza kanisani dokta yuko njiani."

Hapo alisema kweli. Odette, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mnamjua. Ana goti linalomuuma, na kila aliyemshauri aende hospitali alijibiwa kwamba goti lake linamngoja Sifa.

Nilikuwa na hasira, siwafichi. Mtoto amekosa mazishi ya bibi yake kwa ajili ya aibu, na sisi tumemlaumu mwanamke wa jiwe. Nikainuka ili nisiseme neno baya. Nikamsogelea Diana, na kwa sababu sikuwa na pa kuangalia, nikaangalia nguo yake.

Ni mrefu kuliko mtu. Anapiga hatua, kichwa amekigeuza kama ameitwa. Mkono wa kulia umekwenda begani kuchukua mshale. Wa kushoto umekatika kwenye kiwiko. Ncha ya pua imebandikwa upya, rangi yake imezidi kidogo. Lakini ile nguo. Ni fupi, juu ya magoti, imefungwa chini ya kifua kwa mshipi, kisha imeachiwa. Mikunjo inashuka kama ya kitambaa chepesi kabisa, na upande mmoja pindo limeinuka, upepo umelishika. Nilizunguka nyuma. Huko nyuma pia imeshonwa, yaani imechongwa, pale ambapo hakuna mtu angeangalia.

"Nani alifanya hii?" nikauliza.

"Hawajui jina. Ni Murumi." Sauti ya Sifa ilikuwa imebadilika. Alikuwa amesimama kando yangu. "Sanamu ya kwanza kabisa ilitengenezwa na Wagiriki, na ile haipo tena. Warumi waliipenda, wakachonga zao kwa kuifuata. Diana ni jina la Kirumi. Kwa Wagiriki ni Artemi. Alikuwa mungu wao wa kike, wa pori na kuwinda."

"Basi alikata kwa kufuata nguo ya kwanza. Kama mimi muteja akiniletea robe, nguo yake ya zamani."

"Njo hivyo, Mama. Na ile ya zamani ikapotea, tukabaki na hii."

Akanionyesha mahali ambapo mguu ulivunjika na kuunganishwa, na jinsi jua la asubuhi likipita juu linavyofanya mshipi uonekane kama unakaza. Alijua kila ufa. Nilimsikiliza, na hasira ikawa inanitoka bila ruhusa yangu.

"Nilikuwa na maneno ya kumuambia," nikasema.

"Mwambie."

Nikaona haya. Lakini nimevuka ziwa, nimekaa porini na treni, nimekula siagi. Nikasimama mbele yake, kitenge mkononi, nikasema kwa Kiswahili, polepole:

"Mama Diana, nimetoka Kalemie. Nakupa pole kwa mukono. Umekaa na mutoto wangu muda murefu, nakushukuru, maana sijui angekaa na nani. Lakini na sisi tunamutaka. Hatutaki dokta. Tunamutaka yeye."

Sifa alilia kimya, kichwa chake begani mwangu. Nyuma yetu wazee wawili wa kizungu walikuwa wamevua kofia. Nadhani walidhani tunasali.

Mkuu wa Sifa kazini, mwanamke mwenye nywele nyeupe fupi, alikuja kunisalimia mchana. Nilimpa kitenge, maana Diana asingekivaa. Ndakala Sifa alizipika na nyanya, wakazila na wenzake katika chumba chao cha kupumzikia, madirisha yote yakiwa wazi. Alipoomba likizo, yule mkuu alishangaa kwamba hajawahi kuomba. Na wa kushika zamu walikuwepo tele.

Kurudi, na Zongwe bila kupanga

Tulirudi wawili. Kigoma Mama Zuhura alitungoja kwenye kituo cha treni. Nilipomwambia Mama Diana ni nani, alikaa chini kwenye gunia la mtu, akacheka mpaka mwenye gunia akaja kuuliza kuna nini. Kisha akamshika Sifa mashavu yote mawili, akamwambia, "Wewe umetutesa, mwanangu," akampa chapati.

Ziwani upepo ulitupita nguvu. Nahodha aliona ni heri tufuate mawimbi kuliko kushindana nayo, na tukajikuta tumeipita Kalemie, tunaegeshwa kijijini Zongwe. Wavuvi walitusaidia kushuka. Mama mmoja, Mama Anzuruni, alitukaribisha kwake, akatuwekea bugali na samaki mbichi kutoka wavuni, mtamu sana, na sisi tulikuwa tumelowa.

"Na weye binti," akamuuliza Sifa, "unatumika kazi gani huko kwa wazungu?"

Nilishika tonge bila kulipeleka mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza aulizwe mbele yangu.

"Ninachunga sanamu," Sifa akasema. "Mwanamuke wa jiwe."

"Anakimbia?"

"Hapana."

"Basi una bahati. Mie nachunga mbuzi."

Sifa alicheka. Alikula sana siku hiyo.

Kalemie

Upepo ulipotulia boti iliturudisha, na bandarini familia ilikuwa imejaa. Mbele kabisa alisimama Odette, amevaa nguo za Pasaka, fimbo mkononi, mguu mmoja ameupumzisha. Wanawake wa parokia walikuwa wameanza kuimba. Sifa aliweka begi chini kabla hajamkumbatia mtu.

"Shangazi," akasema, "mimi si dokta. Nilianguka masomo zamani. Ninafanya kazi ya kulinda sanamu kwenye makumbusho. Sikuja kwenye kilio cha Bibi kwa sababu ya haya. Munisamehe."

Wimbo uliisha wenyewe, sauti moja baada ya nyingine. Odette alimtazama. Kisha akageuka, akaondoka akichechemea kuelekea barabarani. Niliona mabega ya Sifa yanashuka.  Nilichukua begi lake, ili mikono yangu iwe na kazi.

Odette alirudi na pikipiki tatu.

"Mupande," akasema. "Chakula kiko tayari tangu jana."

Nyumbani alikula polepole, akichambua miiba ya samaki.  Aliposukuma sahani, alinyoosha mkono kwa Sifa.

"Niletee picha ya huyo mwanamuke."

Sifa akafungua simu. Odette aliishika mbali na macho, kisha karibu. Aliitazama muda mrefu.

"Alipigwa na nini, huu mukono?"

"Hatujui, Shangazi. Walimupata hivyo hivyo kwenye udongo."

"Na bado anatembea."

"Njo vile walimuchonga. Anatembea."

Odette akasogeza kiti chake, kikakwaruza simenti, mpaka magoti yao yakagusana. Akachukua kipande kikubwa cha samaki kutoka sahani ya katikati, akakiweka kwenye sahani ya Sifa.

"Kula," akasema. "Halafu uniambie kuhusu bibi yako, maana wewe hujamlilia. Tutalia pamoja kidogo, na kesho utanipeleka hospitali na hili goti."